Msimulizi Asiyekuwapo: Uhakiki wa Simulizi za Utafiti katika Madai ya Nafuu ya Kodi nchini Uingereza

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Tukisikia neno simulizi, mawazo yetu huenda moja kwa moja kwenye ngano, visasili na tendi. Katika makala haya ninahakiki simulizi ya aina nyingine, ambayo haiuzwi dukani wala haifundishwi darasani. Ni maelezo ya kiufundi ambayo kampuni za Uingereza huyawasilisha zinapodai nafuu ya kodi kwa sababu ya kazi zao za utafiti na maendeleo. Maelfu ya maelezo hayo huandikwa kila mwaka. Wasomaji wake ni wachache mno, lakini aya moja iliyoandikwa vizuri, au vibaya, inaweza kuamua kama kampuni itapata maelfu ya pauni au itayakosa.

Waandishi wa simulizi hizi si wanafasihi, na mara nyingi si wahasibu pia. Wengi ni wahitimu wa fizikia, kemia, biolojia, uhandisi na sayansi ya kompyuta, wengine wakiwa na shahada ya uzamivu. Baada ya kuhitimu hawakwenda maabara wala kiwandani, bali waliajiriwa na kampuni za ushauri wa kodi. Kazi yao ni kuzungumza na mafundi na wahandisi wa kampuni nyingine, kuelewa walichokuwa wakikifanya, kisha kukiandika katika umbo linalokubaliwa na sheria ya kodi.

Hoja yangu ni hii: simulizi ya nafuu ya kodi imejengwa juu ya ungamo la kutojua. Kampuni hailipwi kwa sababu ilijua, bali kwa sababu wakati fulani haikujua, na mtu mwingine yeyote mwenye ujuzi naye asingejua. Hata hivyo, anayeandika ungamo hilo ni mtu ambaye hakuwapo wakati wa kutojua. Uzuri na ubaya wa utanzu huu vinatokana na namna msimulizi huyo anavyolibeba shaka la mwenzake. Ninaamini kwamba vifaa vyetu vya uhakiki, yaani msimulizi, mhusika, hadhira na mtindo, vinaweza kutuonyesha hilo kuliko hesabu za kodi zenyewe.

Usuli wa utanzu

Uingereza ilianzisha nafuu ya kodi ya utafiti na maendeleo kwa kampuni ndogo na za kati mwaka 2000, na kwa kampuni kubwa mwaka 2002. Nia ilikuwa kuzishawishi kampuni zitumie fedha zaidi katika utafiti. Viwango vimebadilika mara nyingi. Kwa mfano, kabla ya Aprili 2023 kampuni ndogo iliyopata hasara iliweza kurudishiwa hadi pauni 33.35 taslimu kwa kila pauni 100 ilizotumia katika utafiti uliokubaliwa. Kuanzia Aprili 2023 kiasi hicho kilishuka hadi pauni 18.60 kwa kampuni nyingi za aina hiyo. Kwa vipindi vya hesabu vinavyoanza tarehe 1 Aprili 2024 au baadaye, mipango miwili mikuu iliunganishwa kuwa mmoja, huku kampuni ndogo zenye hasara na zinazotumia sehemu kubwa ya matumizi yao katika utafiti zikibakishiwa utaratibu wao maalumu.

Sheria ya fedha peke yake haielezi utafiti ni nini. Maana hiyo imo katika mwongozo wa serikali uliotolewa mwaka 2004 na kurekebishwa baadaye. Kwa ufupi, mwongozo unasema kwamba kuna utafiti na maendeleo pale mradi unapolenga kupiga hatua katika sayansi au teknolojia kwa kuondoa shaka la kisayansi au la kiteknolojia. Hatua hiyo lazima iwe katika maarifa ya fani nzima. Kampuni ikijifunza jambo ambalo wengine wanalijua tayari, imejielimisha tu. Shaka nalo lazima liwe la kweli, yaani mtaalamu mahiri wa fani hiyo asingeweza kulitatua kwa urahisi kwa kutumia yale yanayojulikana.

Hapo ndipo mhitimu wa sayansi alipopatia nafasi. Mhasibu anaweza kujumlisha mishahara, vifaa vilivyotumika na malipo ya wakandarasi. Hawezi kwa urahisi kumuuliza mhandisi wa vyuma kwa nini kiungo kilipasuka, na kama sababu ya kupasuka ilikuwa imeshaandikwa katika vitabu. Anahitajika mtu anayeielewa lugha ya maabara na anayeweza kuihamishia katika lugha ya sheria. Kwa maana hiyo mhitimu huyu ni mfasiri, ingawa matini anazozifasiri na matini anazozitoa zote zimo katika Kiingereza.

Muundo: ngano yenye maswali matano

Tangu tarehe 8 Agosti 2023 kila dai lazima litanguliwe na fomu ya maelezo ya ziada inayopelekwa kwa Mamlaka ya Mapato na Forodha ya Uingereza, ijulikanayo kwa kifupi kama HMRC. Fomu hiyo inataka kampuni ieleze fani kuu ya sayansi au teknolojia inayohusika, maarifa yalikuwa yamefikia wapi mradi ulipoanza, ni hatua gani ya maarifa iliyokusudiwa, ni mashaka gani yaliyoikabili, na ilijaribu vipi kuyashinda.

Msomaji wa ngano ataitambua njia hii mara moja. Kwanza kuna mji na hali yake ya kawaida. Kisha shujaa anatamani kitu kilicho ng'ambo ya mto. Mto umefurika na hakuna mtu mjini anayejua pa kuvukia. Shujaa anajaribu hapa, anajaribu pale, kisha anavuka au anashindwa. Tofauti moja inastahili kutajwa. Katika ngano shujaa akishindwa kuvuka, hadithi hubadilika kuwa onyo. Katika simulizi ya kodi, kushindwa hakuharibu kitu. Mwongozo unakubali kwamba kazi inaweza kuwa utafiti hata kama hatua iliyokusudiwa haikufikiwa. Kinachotafutwa ni safari yenyewe, pamoja na ushahidi kwamba mto ulikuwa umefurika kweli.

Kanada, ambayo nayo ina mpango wa aina hii tangu miaka ya 1980, imekwenda mbali zaidi katika kulibana umbo. Fomu yake imeweka kikomo cha maneno: maneno 350 kwa mashaka, 700 kwa kazi iliyofanywa na 350 kwa maendeleo yaliyopatikana. Mtunzi wa shairi la arudhi angeuelewa mkazo huo vizuri. Katika jumla ya maneno 1,400, nusu imetengewa kazi. Umbo lenyewe linamwambia mwandishi kwamba majigambo ya matokeo hayana thamani kuliko maelezo ya jasho. Naona hili ni jambo la busara katika fani ya utanzu huu, na linafaa kukumbukwa tunapofika kwenye kasoro zake.

Neno shaka

Nimetumia neno shaka kwa makusudi, na mwalimu wa tafsiri ana haki ya kuniuliza kwa nini. Ningeweza kusema kutokuwa na uhakika, lakini hilo ni fungu refu linalotaja tu kitu kinachokosekana. Ningeweza kusema utata, lakini utata ni sifa ya jambo, si hali ya anayelitazama. Jambo linaweza kuwa tata sana na bado mtaalamu akajua la kufanya. Mwongozo wa Uingereza unataka zaidi ya ugumu wa kazi. Unataka wenye ujuzi wawe hawajui.

Shaka lina faida nyingine. Katika Kiswahili, neno hilo hilo hubeba kutojua na pia kutoamini. Mhandisi ana shaka kama kiungo kitahimili joto. Afisa wa kodi ana shaka na mhandisi. Utanzu mzima umekaa kati ya mashaka hayo mawili. Shaka la kwanza likisimuliwa kwa ukweli, la pili hupungua. Shaka la kwanza likibuniwa au likipakwa rangi, la pili huongezeka, na huongezeka kwa kila mwandishi mwingine, hata yule aliyesema kweli.

Wahusika na hadhira

Mhusika anayevutia zaidi katika simulizi hizi ni yule mtaalamu mahiri. Ni kipimo kilichopewa sura ya mtu: mtu mwenye elimu na uzoefu wa fani, anayejua yanayojulikana, ambaye naye angekwama pale kampuni ilipokwama. Katika hadithi ya mapokeo angekuwa yule mzee wa kijiji anayeulizwa njia na kujibu kwamba hata yeye haijui. Mwandishi dhaifu humtaja mara moja tu, kama jina la kuapia. Mwandishi mzuri humpa kazi: huonyesha ni vyanzo gani angevisoma, ni njia ipi ya kawaida angeijaribu kwanza, na kwa nini njia hiyo isingefika.

Msimulizi ni suala gumu zaidi. Simulizi huandikwa kwa nafsi ya kampuni, "sisi", lakini mkono unaoandika ni wa mshauri. Kampuni inaweza kudai hadi miaka miwili baada ya mwisho wa kipindi cha hesabu kinachohusika. Maana yake ni kwamba mshauri anaweza kumhoji fundi kuhusu jaribio la miaka miwili iliyopita au zaidi, katika mazungumzo ya saa moja au mbili, kisha akaandika "sisi tulijaribu". Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hapa asiyekuwapo ndiye mwenye kalamu.

Hadhira nayo haifanani na hadhira tuliyoizoea. Msomaji wa riwaya hukubali kwa muda kuamini asichokiona. Afisa wa HMRC analipwa ili asikubali hivyo. Tena mara nyingi afisa huyo si mtaalamu wa fani inayosimuliwa. Kwa hiyo mshauri anamwandikia mtu asiye mhandisi, kwa niaba ya mhandisi, kuhusu kile ambacho mhandisi hakukijua. Ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya kodi.

Vielelezo viwili

Madai ya kodi ni siri ya mlipa kodi, kwa hiyo hayachapishwi. Ili kuonyesha ninachomaanisha nimetunga vielelezo viwili vinavyohusu mradi mmoja wa kubuni: kiwanda cha mikate kinachotafuta mkate usio na gluteni utakaodumu siku saba.

Kielelezo cha kwanza: "Kampuni ilikabiliwa na mashaka makubwa ya kiteknolojia katika uundaji wa mkate bunifu usio na gluteni. Timu yetu ya wataalamu waliobobea ilifanya majaribio mengi ya kina, na hatimaye ilifanikiwa kupata bidhaa ya kipekee ambayo haijawahi kuonekana sokoni."

Kielelezo cha pili: "Ni kawaida kutumia gundi ya mimea ili kushika hewa ndani ya unga uliokandwa, na njia hiyo tuliitumia tangu mwanzo. Tulipopunguza maji, mkate ulidumu lakini ulivunjika ulipokatwa. Tulipoongeza gundi, ulishikamana lakini ukabaki na unyevunyevu katikati. Hatukuweza kueleza kwa nini kiasi kile kile cha gundi kilileta matokeo tofauti tuliponunua unga wa mchele kutoka kwa msagaji mwingine. Maandiko tuliyoyapata yalihusu unga wa aina moja tu. Tulidhani chanzo ni ukubwa wa chembe, tukachekecha unga kwa vipimo vinne na kuoka upya. Ukubwa wa chembe ulieleza sehemu tu ya tofauti. Tulifunga mradi kabla ya kupata jibu kamili."

Kwa macho ya haraka, kielelezo cha kwanza kinaonekana cha kitaalamu zaidi. Kina istilahi za mwongozo, kina fahari, kina mwisho mwema. Lakini hakina hata sentensi moja ambayo ingeweza kuwa ya uongo kwa namna inayoweza kuthibitishwa. Badilisha neno mkate uweke daraja, au programu ya simu, na aya itabaki ilivyo. Sifa ya "kuonekana sokoni" inazidi kuidhoofisha, kwa kuwa mwongozo haujali kama bidhaa ni mpya sokoni. Unajali kama maarifa ni mapya katika fani.

Tofauti kubwa imo katika sarufi. Katika kielelezo cha kwanza shaka ni nomino: kampuni "ilikabiliwa na mashaka". Mashaka yanaonekana kama mvua iliyomnyeshea mtu njiani, na kwa bahati mbaya umbo la wingi katika Kiswahili linaelekea pia kwenye maana ya taabu. Hatujui nani alishuku nini. Katika kielelezo cha pili shaka limo ndani ya vitenzi: hatukuweza kueleza, tulidhani, ulieleza sehemu tu. Kuna mtu anayefikiri, na fikra yake inabadilika kila jaribio linapomjibu. Neno shaka halitajwi hata mara moja, lakini ndilo lililojaa aya nzima.

Hicho ndicho kigezo ninachokipendekeza kwa uhakiki wa utanzu huu. Simulizi ambamo shaka ni nomino tupu imeandikwa na mtu aliyesoma mwongozo. Simulizi ambamo shaka ni kitenzi imeandikwa na mtu aliyemsikiliza fundi.

Kila mwamba ngoma

Wapo wanaosema kwamba wahitimu hawa wamepotea njia: nchi imewasomesha kemia na uhandisi, nao wanaandika fomu. Lawama hii ina uzito. Fedha zilizotengwa ili utafiti ufanywe sehemu yake hulipwa kwa wanaoueleza, na kila kijana mwenye shahada ya uzamivu anayehoji wahandisi ni kijana mmoja ambaye haongezi jaribio lake mwenyewe. Lakini siikubali lawama hii kwa jumla. Kielelezo cha pili hakiwezi kupatikana bila mtu anayejua kuuliza "mliponunua unga kwingine, nini kilibadilika?" Fundi mwenyewe mara nyingi hajui kwamba swali lake lilikuwa utafiti, kwake ilikuwa wiki mbaya kazini. Mhitimu anayemwonyesha kwamba kukwama kwake kulikuwa na thamani anafanya kazi ya heshima. Kiwanda kidogo kisicho na idara ya utafiti kinaweza kupata haki yake kwa sababu ya swali kama hilo.

Kasoro ninayoiona iko kwenye mkataba. Washauri wengi wamekuwa wakilipwa asilimia ya kile mteja anachopata: dai likikataliwa hawapati kitu, dai likiwa kubwa wanapata kikubwa. Wakati huo huo, jina la mshauri wa kodi halikulindwa na sheria ya Uingereza. Mtu yeyote aliweza kujiita hivyo. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa ngozi ya ngoma ni shaka la mtu mwingine. Msimulizi anayelipwa kwa ukubwa wa hadithi ana kila sababu ya kuukuza mto, kumwongezea shujaa safari, na kumnyamazisha yule mzee wa kijiji asije akasema kwamba njia inajulikana.

Matokeo yalionekana. Kwa mwaka 2020 hadi 2021 HMRC ilikadiria kwamba karibu robo ya fedha za mpango wa kampuni ndogo zilitoka kwa makosa au udanganyifu, na kwa mipango yote hasara ilizidi pauni bilioni 1. Siyo kila kosa ni uongo. Mengine ni ya hesabu, na mengine yanatokana na watu kudhani kwamba kila kazi ngumu ni utafiti. Lakini kama uhakiki wangu wa vielelezo ni sahihi, sehemu ya tatizo ni ya kimtindo. Umbo lilipozoeleka, ikawezekana kuandika simulizi bila kumsikiliza mtu. Sasa fomu inataka jina la kila wakala aliyehusika katika dai. Mwandishi asiyeonekana amelazimishwa kuonekana kidogo.

Aliyekuwapo akisema

Jibu la HMRC kwa hasara hiyo limekuwa ukaguzi mkali, na ukali huo una kasoro yake. Shaka la mkaguzi likizidi, hata ungamo la kweli haliaminiki. Mfano mzuri ni kesi ya kampuni iitwayo Get Onbord, iliyoamuliwa mwaka 2024 na baraza la ngazi ya kwanza la rufaa za kodi. Kampuni hiyo ilikuwa imetengeneza mfumo unaotumia akili unde kuhakiki utambulisho wa wateja na kupima hatari zao. HMRC ilikataa kwamba huo ulikuwa utafiti. Baraza lilimsikiliza mtaalamu aliyeifahamu kazi yenyewe, likaona kwamba HMRC haikuleta mtaalamu wa fani hiyo wa kumpinga, likakubali dai la kampuni.

Mimi nasoma uamuzi huo kama uhakiki wa kifasihi uliofanywa na mahakimu. Waliuliza swali lile lile tunaloliuliza darasani: nani anasimulia, na alijuaje? Mbele ya baraza simulizi ya maandishi haikutosha. Ilibidi asimame mtu aliyekuwapo. Alipoulizwa aliweza kujibu, kwa sababu shaka lilikuwa lake. Simulizi ya kielelezo cha kwanza ingefika hapo ikiwa mikono mitupu. Hakuna shahidi anayeweza kuulizwa zaidi kuhusu "majaribio mengi ya kina".

Sisi tulioachwa nje

Mwongozo wa Uingereza una kipengele kinachomgusa mwanafunzi wa lugha moja kwa moja. Kazi za sanaa, taaluma za binadamu na sayansi za jamii, ikiwemo uchumi, hazihesabiwi kuwa sayansi kwa madhumuni ya nafuu hii. Hisabati tupu nayo ilikuwa nje hadi Aprili 2023 ilipokubaliwa. Kampuni inayounda kamusi haina utafiti kwa sababu ya kamusi hiyo, hata kama wanaleksikografia wake wametumia miaka kumi wakishuka vijijini. Kampuni hiyo hiyo ikikwama katika kuifundisha kompyuta kuchambua vitenzi vya Kiswahili, huenda ikawa na utafiti, lakini kwa upande wa kompyuta peke yake.

Naweza kuelewa sababu za mpaka huo. Serikali yoyote inayotoa fedha lazima iweke uzio mahali fulani. Ninachokipinga ni wazo lililomo ndani yake, kwamba lugha ni chombo cha kubebea tu, na shaka la kweli liko kwingine. Simulizi zenyewe zinalikanusha wazo hilo. Robo ile ya fedha haikupotea kwa sababu hapakuwa na wanasayansi wa kutosha katika kampuni za ushauri. Wanasayansi walikuwapo, na mafunzo yao yaliwaandaa kuelewa jaribio. Swali la nani anasema, kwa niaba ya nani, na kwa malipo gani ni swali la taaluma iliyoachwa nje ya uzio.

Kwetu Uganda jambo hili si la mbali. Sheria yetu ya kodi ya mapato inaruhusu gharama za utafiti wa kisayansi zitolewe katika hesabu ya kodi ya biashara, na utafiti huo unaelezwa kuwa ni shughuli za sayansi asilia au sayansi tumizi zenye lengo la kukuza maarifa ya binadamu. Hatuna bado umati wa washauri wanaoishi kwa kuandika simulizi hizo. Lakini mfikirie fundi wa chuma pale Katwe, Kampala, anayejaribu mara tano kurekebisha mashine ya kusaga ili isichome unga. Shaka lake limo katika Kiluganda, au katika Kiswahili anachozungumza na mteja wake kutoka Goma. Siku atakapotaka kulieleza mbele ya sheria, litapita kwa mtu mwenye shahada na kuandikwa kwa Kiingereza. Litapoteza vitenzi vyake njiani, litakuwa nomino, na atakayelisoma hatamwona fundi.

Ndiyo maana nasema uhakiki huu una kazi ya kufanya. Katika insha zetu wenyewe tumefundishwa kuandika kana kwamba hatukuwahi kushuku: "utafiti ulibaini", "ilidhihirika kwamba". Tunaogopa kuandika "tulidhani" kwa sababu tunaona linatupunguzia hadhi. Wakaguzi wa Uingereza wanaonyesha kinyume chake: sentensi inayokubali kutojua, ikitaja nini hasa hakikujulikana na kilijaribiwa nini, inaaminika kuliko sentensi inayojigamba. Kiswahili kina vifaa vya kutosha kwa kazi hiyo. Tuna huenda, yamkini, pengine. Tuna -nge- na -ngali- za kusema kile ambacho kingetokea lau jaribio lingekwenda vingine.

Hukumu yangu juu ya utanzu huu ni ya pande mbili. Fani yake ni nzuri kuliko inavyosifiwa: inalazimisha kampuni zenye majivuno kusimulia kukwama kwao, na inampa heshima mtu aliyeshindwa kwa njia sahihi. Matumizi yake yameharibiwa na malipo ya asilimia na msimulizi asiyetaja jina lake. Kama ningekuwa na uwezo wa kubadilisha jambo moja, nisingewafukuza wahitimu wa sayansi katika kazi hiyo. Ningeweka sharti kwamba kila simulizi iwe na jina la fundi aliyekuwapo, na kwamba fundi huyo aisome kabla haijatumwa na awe na ruhusa ya kufuta sentensi yoyote ambayo hakuisema. Halafu ningemlipa mshauri kwa saa alizomsikiliza.